Shokapu za Shemeji

Mume wangu ana gari lenye matairi ya kupandia milima, na mlima mrefu kuliko yote aliowahi kuupanda nalo ni tuta lililo mbele ya duka lake la dawa. Kaka yangu, muuza matangi ya maji, naye analo la namna hiyo, fupi, lenye turubai kwa juu, na mlangoni lina matope yaliyokauka ambayo hataki yaguswe, kwa sababu ndiyo ushahidi pekee kwamba gari limewahi kutoka kwenye lami. Mimi najua matope yale yalitoka wapi. Yalitoka palepale kwa waosha magari, siku bomba lao lilipopasuka.

La mume wangu linaitwa Kifaru, la kaka linaitwa Mbuzi. Majina hayo walipewa katika chama chao cha wapenda njia mbovu, ambacho hukutana kila Jumamosi kwenye uwanja wa saruji nyuma ya kituo cha mafuta. Wanachama husimama pale na fulana zinazofanana, boneti wazi, matumbo mbele, wakisimuliana mito waliyoivuka. Fulana hizo nazishona mimi, maana ni fundi cherehani, na kila mwaka nalazimika kuzitanua kiunoni. Basi mtu asinieleze habari za wanaume hao.

Sasa mama. Mama yetu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Hospitali wakampasua, wakamtia chuma, na kwa kuwa kwetu ni karibu na hospitali, tukamchukua akae nasi mpaka apate nafuu. Tukamlaza chumba cha wageni, ambacho ukweli wake ni stoo ya Kifaru. Mle ndani kuna matairi ya akiba, winchi ambayo haijawahi kuvuta kitu, na godoro la kambi ambayo haijawahi kupigwa. Mama alilala katikati ya vitu hivyo akinusa mpira mpya, na hakulalamika hata mara moja.

Hilo ndilo lililokuwa linaniuma. Mama ni mtu wa haya. Nyumbani kwa mkwe wake hakohoi mpaka mkwe atoke kwenda kazini. Chai ikiwa baridi anasema ni nzuri, redio ikiwa juu anasema anaipenda. Alikuwa anakonda mbele ya macho yangu, wala si kwa maumivu, ni kwa adabu. Kila asubuhi, mume wangu akiwa bafuni, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Nitakwenda lini kwangu, mwanangu?" Maji yakikatika bafuni, naye ananyamaza.

Siku daktari alipompiga picha alisema mfupa unashika vizuri na mama anaweza kwenda kwake. Kisha akauliza njia ikoje. Nikamwambia lami inaishia sokoni, halafu ni mawe na makorongo mpaka mlangoni kwa mama. Daktari akakunja uso.

"Asitikiswe," alisema. "Hicho chuma kikisogea tunarudi mwanzo, na kwa umri wake sina hakika kama atasimama tena."

Kurudi mwanzo maana yake ilikuwa kurudi kwenye chumba cha matairi, tena pengine moja kwa moja. Nikamfuata dereva wa gari la wagonjwa. Akasema gari lake liko chini mno, halivuki makorongo yale hata kwa dawa. Nikaenda nyumbani shingo upande, nikijua sasa ninamwangukia nani.

Wanaume wangu walipokea habari ile kama watu walioshinda bahati nasibu. Kaka alifika kabla sijavua viatu. Wakakaa sebuleni, mama katikati yao na magongo yake mapajani, wakaanza kugombania nani ambebe.

"Mbuzi wako anayumba, shemeji," alisema mume wangu. "Mama atatapika kabla ya sokoni."

"Na Kifaru wako anagonga. Mama akitoka humo, chuma kitakuwa kimehamia kwapani."

Kwa hili wote wawili walisema kweli. Kifaru ni mzito na shokapu zake ni ngumu, zimetengenezwa kwa ajili ya gari lililosheheni mizigo, wakati mzigo wake wa kila siku ni mume wangu na gazeti lake. Mbuzi ni mwepesi na shokapu zake ni laini. Kwa asiyejua, shokapu ni lile bomba lenye mafuta ndani linalokaa karibu na kila gurudumu, kazi yake kulituliza gari lisiendelee kurukaruka baada ya shimo. Mimi nimeyajua haya bila kupenda. Katika nyumba hii shokapu zinazungumzwa kuliko watoto.

"Mama, wewe unaonaje?" kaka aliuliza.

"Yote mazuri, wanangu," mama alisema.

Basi hapo ndipo shetani alipopita. Mume wangu akainua kidole. Kama Kifaru anagonga kwa sababu shokapu zake ni ngumu, alisema, na Mbuzi anayumba kwa sababu zake ni laini, si wabadilishane tu? Laini ziende kwa anayegonga, ngumu ziende kwa anayeyumba. Kila gari lipate linachokosa. Kaka alimtazama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona usoni kwake tangu nilipoolewa. Wakapeana mikono juu ya magoti ya mama.

Walikwenda kumuuliza fundi wa gereji ya pale kona kama inawezekana. Akasema inawezekana. Fundi huyo hajawahi katika maisha yake kumwambia mteja kwamba kitu hakiwezekani, kwa sababu kinachowezekana kinarudi gereji baada ya wiki na kisichowezekana kinarudi kesho yake. Hata hivyo hawakumpa kazi. Katika chama chao ni aibu mkono wa mtu mwingine kugusa gari la mwanachama.

Jumamosi nzima ua wangu ukawa gereji. Magari mawili yalisimama juu ya mawe, na miguu minne ilichomoza chini yake. Shokapu za Kifaru zilikuwa nene na ndefu, za Mbuzi nyembamba na fupi, jambo ambalo mtu yeyote angeliona kwa kuziweka sakafuni bega kwa bega, lakini wao waliziweka kila moja kwenye kitambaa chake kama vyombo vya hospitali. Matundu hayakukubaliana na pini. Hapo walipopungukiwa, wakaongeza washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu katikati. Palipobaki na nafasi wakahitaji mpira, wakatazama huku na huku, na kandambili zangu za bafuni zikakatwa vipande kuwa bushi. Palipogoma kabisa, kazi ya akili ikafanywa na nyundo.

Jioni wakataka majaribio. Nikakalishwa kiti cha nyuma cha Kifaru na beseni la maji mapajani, tukazunguka mtaa. Nilirudi nimelowa mpaka kifuani. Mume wangu alisema beseni lilikuwa limejaa mno. Nikahamia Mbuzi na beseni nusu, tukazunguka mtaa uleule, na maji yakanirukia usoni. Kaka alisema nimekaa vibaya.

"Zirudisheni zilipotoka," niliwaambia, nikijikausha. "Mmegawana ugonjwa tu."

"Mke wangu, wewe ni fundi wa nguo," mume wangu alisema kwa upole ule wa dukani.

"Ndiyo. Na sijawahi kumvisha mnene suruali ya mwembamba nikasema itajizoesha."

Walicheka, wakapigana mabega, wakaenda kunawa. Mimi nikaingia kwa mama nikamwambia akatae. Nilimsihi kabisa. Aseme hapandi mpaka shokapu zirudishwe, mkwe wake hawezi kumkatalia. Mama akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

"Wamejichosha kwa ajili yangu," alisema. "Nitasemaje? Na nikisema, si nitakaa hapa wiki nyingine?"

Tuliondoka asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Mume wangu alishinda ubishi kwa hoja kwamba mgonjwa ni mgeni wake, kwa hiyo mama akawekwa nyuma ya Kifaru juu ya lile godoro la kambi, mito kila upande, nami nikamshikilia. Kaka akafuata na Mbuzi, amebeba begi na magongo. Kwenye lami Kifaru alikwenda vizuri sana. Mume wangu akaanza kupiga mluzi.

"Mama, unaionaje hali?"

"Nzuri, mwanangu."

Lami ikaisha. Kwenye shimo la kwanza Kifaru aliinama, akainuka, akainama tena, akainuka tena, na alikuwa bado hajamaliza shimo hilo tulipolifikia la pili. Mashimo yakawa yanajumlishwa. Gari zito lilikuwa linayumba juu ya vibomba vile vyembamba kama mlevi anayetafuta ufunguo mfukoni. Mama aliuma pindo la mtandio wake. Rangi ilimtoka usoni, na vidole vyake vikanizama mkononi mpaka nikaona alama.

"Laini, sivyo?" mume wangu aliuliza akitazama kwenye kioo.

"Laini," mama alisema, kitambaa kikiwa bado mdomoni.

"Anaumia," nilisema. "Punguza mwendo."

"Mwenyewe amesema laini."

Wakati huohuo honi ikalia nyuma yetu. Kaka alikuwa anataka kupita, aonyeshe Mbuzi anavyotulia. Sasa katika chama chao kupitwa ni msiba. Mume wangu, mtu mzima, mwenye duka la dawa na ndevu za mvi, akakanyaga mafuta ili shemeji yake asimpite, na mama wa mkewe amelala nyuma na chuma nyongani. Nikamwita kwa jina lake kamili. Hakusikia. Tukaingia kwenye korongo la kwanza kwa mwendo wa harusi iliyochelewa.

Kifaru alizama, kisha nyuma yake ikapaa. Ilipaa juu kuliko shokapu fupi zilivyoweza kunyooka, kandambili zangu zikaachia, na kitu kikakatika kwa sauti kama mtu ametupa sufuria. Shokapu moja ikachomoka chini, ikawa inaburuta kwenye mawe. Mume wangu akasimamisha gari. Kaka naye akasimama, akaja mbio.

Wote wawili wakapiga magoti, na nilidhani wanakuja kumtazama mama. Walipiga magoti chini ya gari.

"Ni bushi tu, shemeji. Shokapu yenyewe nzima."

"Nilikwambia washa moja haitoshi pale."

"Washa ulizimaliza wewe."

Nilikuwa na hasira mpaka masikio yananiwaka. Nikamuuliza mama taratibu kama chuma kimesogea, aniambie kweli, tuko wawili. Akasema hajui. Akasema kuna moto unapanda mpaka kiunoni, lakini vidole vya mguu anavisikia. Halafu akanishika mkono.

"Usiwagombanishe," alininong'oneza. "Ni mashemeji, wana maisha marefu pamoja."

Kwa hiyo tukamhamishia kwenye Mbuzi, yeye, godoro na mito. Kaka alijitahidi kuficha furaha yake, ikashindikana. Mume wangu akapanda mbele kwa sura ya mfiwa. Na kweli Mbuzi hakuyumba. Hakuyumba hata kidogo, maana kwa zile shokapu nene gari lile jepesi lilikuwa limekakamaa kama meza. Kila jiwe la njia lilikuja moja kwa moja kwenye nyonga ya mama bila kupitia kwa mtu. Kokoto ndogo zilitosha kumfanya afumbe macho.

"Kaka, polepole. Tembea."

"Dada, hizi ngumu haziendi polepole. Ukienda polepole zinagonga. Ukikanyaga mafuta, gari linapita juu ya mawe, wala huyasikii."

Elimu hiyo ilitoka kwenye uwanja wa saruji. Mume wangu aliyekuwa mfiwa akasahau msiba wake, akatingisha kichwa kukubali. Hilo ni kweli, alisema, hilo hata yeye amelisikia. Kaka akakanyaga mafuta.

Siku mama alipovunjika nyonga aliwaomba radhi waliomwinua kwa kuwasumbua. Kwa hiyo sauti aliyoitoa sasa hakuna aliyeijua. Ilikuwa ya chini na ndefu, kaka akashika breki bila kuambiwa, na mavumbi yakatupita.

"Nishusheni," mama alisema.

"Mama, tumeshakaribia. Lile pale paa lako, unaliona?"

"Naliona. Nishusheni."

Tukamshusha na godoro lake, tukamweka kando ya njia. Nikapiga magoti nikamgusa nyonga juu ya nguo, sijui nilitegemea kugusa nini. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa naona kile chumba cha matairi, na mama ndani yake mwaka mzima, akimsifia mkwe wake chai ya baridi. Nyumba yake ilikuwa mbele yetu, ng'ambo ya korongo la pili, mlango wa kijani unaonekana kabisa. Mama alikuwa anautazama ule mlango tu.

Wanaume wakajikohoza. Mume wangu alisema wanaweza kupunguza upepo wa matairi. Kaka alisema wanaweza kurudisha shokapu za mbele peke yake, palepale, jeki anayo, wala haichukui muda.

"Sipandi," mama alisema.

Alisema bila ukali. Walibaki midomo wazi, kwa kuwa katika miaka yote ile hakuna kati yao aliyewahi kusikia mama anakataa kitu.

Mimi ndiye niliyeona ngazi. Kifaru ana ngazi ya alumini ya kupandia kwenye keria ya mizigo juu ya paa, ngazi safi kabisa, haijapandwa na mtu. Nikawaambia warudi kule tulikomwacha wakailete, na mikanda ya kuvutia magari pia. Tukalaza godoro juu ya ngazi, mama juu ya godoro, tukamfunga kwa mikanda ambayo haijawahi kuvuta gari lolote. Mume wangu akashika mbele, kaka nyuma. Mimi nikatembea ubavuni, mkono kwenye nyonga ya mama.

"Jiwe kushoto," mume wangu alisema baada ya hatua chache.

"Nimeliona, shemeji."

"Hapa pana utelezi. Subiri. Haya, weka mguu."

Hawakubishana. Kwa mara ya kwanza niliwaona wanaitazama njia. Mume wangu alitafuta pa kukanyaga kwa ncha ya kiatu kabla ya kuweka uzito. Kaka, ambaye hajawahi kungoja hata maji yachemke, alisimama kila aliyemtangulia aliposimama. Kwenye korongo la pili walishuka wamejikunja, mmoja ameinua mikono juu, mwingine ameishusha mpaka magotini, ili mama abaki amenyooka. Jasho liliwatoka mpaka fulana za chama zikawagandia mgongoni. Walipofika chini walipumzika bila kumweka mama chini, wakapanda upande wa pili vilevile. Mama alikuwa ameachia mkono wangu. Kile kitambaa alishakitoa mdomoni.

Tulifika mlangoni jua limeshakuwa kali. Nikafungua, tukamwingiza mama mpaka kitandani kwake, nikamkunjua mguu taratibu. Akausogeza mwenyewe, kushoto, kulia, kisha akausimamisha kidogo kwenye sakafu akijishikilia ukingo wa kitanda. Akakohoa. Alikohoa kwa nafasi, mara mbili tatu, mtu aliye kwake.

Wanaume walisimama ukutani wakijitazama malengelenge viganjani. Mume wangu, kwa mazoea, akauliza.

"Mama, uliionaje safari?"

Nilijua jibu. Nilishafungua mdomo nimwambie aache kumsumbua.

"Kumbe mnajua kwenda polepole," mama alisema.

Kaka alijaribu kutabasamu, akaona mama hatabasamu.

"Miaka yote nilidhani hamjui," mama aliendelea, kwa sauti ileile anayoombea chumvi. "Nikasema, watoto hawa hawakujaliwa, nivumilie. Kumbe mlikuwa mnaweza, hamkutaka."

"Mama, zile shokapu—" kaka alianza.

"Shokapu sizijui. Nilikuwa nalia nyuma yenu, nanyi mnaniuliza kama ni laini."

Mume wangu alitazama chini. Nilitaka kumhurumia, nikaona siwezi, nikaacha. Mama akajiegemeza ukutani na kujifunika shuka lake.

"Magongo yangu yamebaki kwenye gari," alisema. "Nendeni mkayalete. Na msije nalo hilo gari mpaka hapa, mje kwa miguu."

Wakatoka. Niliwaangalia kupitia dirishani wakishuka korongoni, mmoja mbele, mwingine nyuma, polepole.